Boti ya Bwana Niko na Gesi Inayotiririka

Iyunga, Mbeya. Jumamosi, Juni 1956.

Kumekucha na ukungu mzito, mlima hauonekani kabisa, na baridi imeniuma vidole tangu nilipofungua karakana. Sasa ni jioni, nimekaa karibu na jiko. Mke wangu ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Kuna jambo nimeliona leo kwa macho yangu na bado nalishangaa.

Nianze na boti yenyewe.

Ni ya Bwana Niko, Mgiriki anayelima tumbaku kule Iringa. Alituletea juu ya trela: boti ndogo ya starehe, ya mbao, imepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Anataka injini yake iache petroli itumie gesi ya mtungi, ile ile ambayo mkewe anapikia. Nilipomuuliza sababu, alisema ni mama yake. Bibi huyo amekuja kutoka kwao Ugiriki, amekulia pwani, na tangu afike Iringa anaulizia maji. Walipompeleka ziwani Nyasa, moshi wa petroli ulimbana kifua, wakamrudisha nchi kavu amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gesi, anasema Bwana Niko, haina moshi ule.

Nilimpenda kwa sababu hiyo. Na kazi yenyewe niliitaka. Sijawahi kuona injini ikila kitu kisichoonekana.

Tumeifanya mimi na Luhwago, fundi mwenzangu, Mhehe wa Kalenga. Tuliufunga mtungi chini ya kiti cha nyuma, ndani kabisa, mahali Bwana Niko alipotaka ili usiharibu sura ya boti. Tukaleta bomba la shaba hadi kwenye kidude cha kupunguza nguvu ya gesi, kisha hadi kwenye kabureta. Juzi iliwaka. Ilinguruma vizuri, halafu ikaanza kukohoa, ikazima. Nilipogusa kile kidude, kilikuwa kimeganda. Barafu nyeupe, mchana kweupe, jua linawaka!

Nilikaa nikiitazama kama mtoto. Gesi hii kazi yake ni kuwaka, sasa baridi hii inaitoa wapi? Bwana Niko alinieleza kwamba mtungini gesi imebanwa mpaka ikawa maji, na inapofunguka inanyonya joto la kila kinachoigusa. Basi tukayachukua maji ya moto yanayotoka kwenye injini, tukayazungusha pale. Barafu ikayeyuka na injini ikanguruma mpaka tukachoka sisi kuisikiliza.

Jana trela ilipelekwa barabarani kupimwa magurudumu, ikarudishwa. Leo asubuhi Bwana Niko alikuja kuichukua.

Luhwago alikuwa tayari ameshika hendeli ya kuwashia injini. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni mwa boti natafuta spana iliyoniponyoka, na hapo chini nikasikia harufu ya gesi. Nikainua kichwa: hakuna. Nikakiinamisha tena: ipo, tena kali.

"Luhwago, acha hendeli! Usiguse kitu!"

Aliacha. Namshukuru Mungu, mtu huyu huwa habishani kwanza.

Tulipopaka povu la sabuni kwenye maungio, nati ya mtungini ilitoa mapovu. Barabara mbovu iliilegeza. Niliikaza, na Bwana Niko akaona mambo yamekwisha.

"Fungua mfuniko wa injini tu," akasema. "Gesi itapanda juu, iende zake. Mama ananisubiri."

Luhwago naye aliona hivyo, kwamba gesi ni kama moshi, itapaa. Hata mimi, kama ningeulizwa juzi, ningesema hivyo hivyo. Lakini ile harufu ilikuwa chini. Kwa nini ilikuwa chini?

"Bwana," nikasema, "naomba nijaribu kitu kwanza. Nje, mbali na boti."

Aliguna, ila alinifuata. Nyuma ya karakana niliinamisha kipande cha mfereji wa bati, nikawasha mshumaa kwenye ncha ya chini. Nikachukua mtungi mwingine, nikajaza gesi kwenye debe tupu, nikaufunga na kuusogeza mbali. Kisha nikalishika debe kwa mpini mrefu wa jembe na kulimimina kwenye ncha ya juu, kama mtu anayemimina maji.

Hakuna kilichoonekana. Debe tupu linamwaga utupu. Luhwago akaanza kucheka.

Halafu mshumaa ukavuta pumzi.

Moto wa buluu ulipanda ule mfereji, mbio, mpaka mdomoni mwa debe, ukapiga *vuu!* Nilitupa mpini na debe. Luhwago alijikuta ameketi kwenye majani. Tukabaki tunatazamana, watu wazima watatu.

Gesi hii inatiririka. Inateremka kama maji na kutulia shimoni. Na boti, ukiitazama vizuri, ni shimo lisilotoboka.

"Bwana," nikamuuliza, "mama atakaa wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye kiti cha nyuma, na kidole kikabaki hewani. Akavua kofia.

Tulifungua kizibo cha chini, tukainamisha trela, tukaiacha boti kwenye upepo mpaka harufu ikaisha kabisa. Nikamwambia mtungi hauwezi kurudi ndani. Lazima ukae nje, nyuma, kwenye sanduku lenye tundu chini, ili gesi ikivuja imwagikie ziwani. Ila ni lazima tukate ile mbao nzuri. Nilidhani atafoka, na mzungu akifoka katika karakana hii, kazi huna.

Aliomba msumeno. Akaikata mwenyewe, vanishi na yote, huku akinung'unika kwa lugha yao.

Alipomaliza, alisema Alhamisi tutashuka Mwaya, kule ziwani, kuijaribu. "Mama hatapanda mpaka mimi na wewe tuwe tumezunguka kwanza. Unakubali?"

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Nataka kujua itakavyokwenda majini.

Sasa hivi nimemsimulia mke wangu yote hayo. Yeye ni wa Kyela, kando ya ziwa, ameogelea tangu utotoni. Mimi ni mtu wa milimani.

"Baba Tusa," ameuliza, "wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Na umekubali?"

"Nimekubali."

Amecheka mpaka amejifuta machozi kwa khanga. Halafu ameacha kucheka. "Basi kesho tukitoka kanisani tunakwenda mtoni," amesema. "Angalau ujue kuelea."

Maji ya mto mwezi huu yanakata mifupa. Nitaingia.