Gari Linachelewa Kwenye Kona

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako hatujambo, natumai nawe huko ugenini u mzima.

Jumamosi ulinishinda mizunguko yote sita na ukanicheka. Cheka tu, lakini si haki. Gari langu linachelewa kwenye kona: nikilielekeza kushoto, linafikiri kwanza. Kompyuta hii ina miaka tisa, na mchezo wetu wa mbio za magari kila ukisasishwa unazidi kuwa mzito. Muuza kompyuta wa hapa mtaani anasema nibadilishe prosesa, ule ubongo wa mashine, ipo yenye kasi zaidi inayoingia kwenye bodi ileile. Nataka kuichukua wiki hii. Wewe ndiye unayetengeneza kompyuta za watu, sema neno. Bila saa ile ya Jumamosi ninayocheza nawe, wiki yangu haina kichwa wala miguu.

Baba yako

9 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ni kazi tu zimenibana. Miguu ya mama inaendeleaje?

Usinunue kwanza. Yule anauza alicho nacho. Wewe fundi saa wa miaka thelathini hujawahi kufungua saa ya mteja bila kuisikiliza kutwa nzima, mbona hii unataka kuipasua bila hata kuipima? Cheza nusu saa huku zile namba za utendaji zikiwa wazi pembeni mwa skrini. Prosesa ikigota asilimia mia na kadi ya picha haina kazi, basi prosesa ndiyo inayokukwamisha, nunua. Kadi ikigota mia na prosesa imetulia, prosesa mpya haitakusaidia kitu. Niandikie pia zinapita picha ngapi kwa sekunde. Nasubiri.

Binti yako

27 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Samahani kwa kimya changu.

Usinikasirikie. Niliinunua, na muuzaji akaifunga palepale. Gari bado linachelewa, hata nikicheza peke yangu. Sasa anasema tatizo ni kadi. Nikaona aibu, nikakaa chini nikapima kama ulivyoniagiza: prosesa arobaini, kadi sitini, picha sitini kwa sekunde na hazishuki. Jumamosi mbili sikuingia mchezoni kwa sababu nilikuwa na saa nyingi za wateja. Sasa niambie, ninunue kadi?

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikukasirika, nina wasiwasi.

Mashine yenye namba hizo haichelewi. Niliwaza mtandao, lakini hata ukicheza peke yako unasema ni vilevile. Halafu jana nilimpigia mama. Anasema karakana umeifunga tangu mwezi uliopita. Ni saa gani hizo za wateja, baba?

Usinunue chochote. Mkalishe mama kwenye kiti chako aendeshe mzunguko mmoja, wewe simama nyuma umtazame. Nijibu siku hiyohiyo, tafadhali.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu mpenzi,

Najua umenipigia simu sana. Nilikuwa naziona nikaziacha. Unisamehe.

Mama yako aliendesha siku ileile nilipopata barua yako. Hajui breki ni kitufe gani, aligonga ukuta mara nne huku akilitukana gari. Lakini kila alipobonyeza kushoto, lilikwenda kushoto papo hapo. Nilitazama vidole vyake, kisha nikatazama vyangu.

Ni mkono wa kulia, tangu Desemba. Nauambia fanya, unakawia, na nikiuweka mezani unatetemeka wenyewe. Skrubu ya saa nilikuwa naiokota mara tano ndipo ishikike. Wateja niliwaambia macho yamechoka. Nawe nikakuambia kompyuta. Nadhani nilijua hata siku ile naitoa hela mfukoni, ila nilitaka sana kosa liwe la prosesa, kwa sababu prosesa hubadilishwa.

Mama yako alizima mashine, akanishika mkono uleule akasema, "Baba, umeuficha huu peke yako muda wote?" Daktari ametupa miadi ya tarehe tano mwezi ujao, na anataka niende na mtu atakayeelewa maelezo yake. Naogopa, mwanangu. Sijapata kuogopa hivi.

Barua hii nimeisema kwa mdomo, mama yako ndiye aliyeiandika. Usiijibu. Njoo.

Baba yako