Nilisahau Kusema Karibu

Jumamosi, baada ya Alasiri. Msambweni.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na sasa jua lawaka kana kwamba halikuwahi kwenda popote. Mama ameniita mara mbili nikamenye muhogo, nami nimeitikia "naja" mara mbili, na bado nimekaa hapa kizingitini na simu mkononi. Simenyi kitu. Kwa furaha niliyonayo, nitajikata bure.

Leo nimesema ukweli mbele ya ukumbi mzima na sijafa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni msichana wa shule ya upili, nasoma Ukunda, na mwaka huu shule yetu imeanza kufundisha somo la saikolojia. Tuko wachache darasani, wengine waliingia kwa sababu walidhani halina hesabu (masikini, linazo). Mwalimu wetu ni Mwalimu Achieng, ametoka Kisumu. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alituambia tufumbe macho, kisha akauliza geti la shule lina rangi gani. Mmoja akasema buluu, mwengine kijani. Mimi ninayelipita kila siku ya Mungu niliapa wallahi ni jeusi. Tukatoka nje kuliangalia. Ni la kahawia, na lina maandishi makubwa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyataja.

Nilisimama pale nikiliangalia geti kama mtu aliyeonyeshwa sarakasi. Kumbe macho yangu yananidanganya kila siku, nami nayaamini! Tangu siku hiyo sikai na watu kwa amani. Shangazi akipiga mwayo nami nikapiga, nataka kujua kwa nini. Nikimuota mtu, nataka kujua kwa nini yeye. Nimewachosha nyumbani, nakiri.

Aliyechoka zaidi ni baba.

Baba ni fundi wa friji. Hoteli za Diani zamjua, ikiharibika mashine ya barafu ni yeye anayepigiwa simu. Kwake, kitu cha kusomea ni kile unachoweza kukifungua, ukakiona kilichoharibika, ukakitengeneza, ukakifunga. "Sasa akili utaifungua kwa bisibisi gani?" aliniuliza, na hakuwa akitania. Anataka mwaka ujao nichukue fizikia, na ratiba ya shule hairuhusu yote mawili. Fizikia ikiingia, saikolojia inatoka.

Nililia. Nikanuna. Nikakataa chakula cha jioni, kisha nikakiiba jikoni. Mwisho mama akatupatanisha hivi: siku ya wazazi kila mwanafunzi wa saikolojia ataonyesha utafiti mdogo alioufanya mwenyewe. Baba aje, aone, aamue. Akisema fizikia, basi fizikia, na ubishi uishe.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiapiza nitamletea utafiti ambao Pwani nzima haijauona. Ndivyo nilivyo, nikitaka kitu nakitaka chote.

Nikachagua lile jaribio la watoto na peremende. Ni mashuhuri, limo kwenye kitabu chetu. Unamwekea mtoto peremende moja, unamwambia akingoja mpaka urudi utamuongeza, kisha unatoka na kumchungulia. Anayengoja ana subira, anayekula hana. Mimi sikuona haja ya peremende. Hapa kwetu hakuna mtoto asiyezimezea mate kaimati za mama, madonge madogo ya unga ya kukaanga, zilizotoka kuzama kwenye shira na kunukia iliki.

Mwalimu alitukanya tusimfanyie mtoto wa mtu jaribio bila mzazi kuridhia, kwa hivyo nilizunguka nyumba kwa nyumba, shikamoo huku, shikamoo kule, nikieleza. Kina mama walicheka. "Wataka kuwalisha wanetu kaimati, halafu watuomba ruhusa? Lo! Shule za siku hizi!"

Watoto walikuja wakitoka chuoni kusoma Kurani, na juzuu zao kwapani. Niliwaingiza sebuleni mmoja mmoja. Mkeka, sahani, kaimati moja. Maneno niliyasema kama yalivyo kitabuni, nimeyakariri: "Hii ni kaimati. Mimi natoka. Nikirudi nikaikuta, nitakupa tatu." Nikatoka nikajibanza nyuma ya pazia.

Wa kwanza hakuigusa. Wa pili hakuigusa. Wa tatu aliisogelea, akainusa, akarudi nyuma na kukunja mikono. Robo saa nzima! Nikadhani ni bahati. Lakini waliendelea hivyo hivyo mpaka wa mwisho, yule Riziki wa nyumba ya pili, mtoto wa miaka sita mwenye mdomo kuliko mimi. Hata Riziki alikaa kimya.

Hakula hata mmoja.

Jamani, nilirukaruka uani hadi kuku wakatawanyika. Kitabuni wengine hula, wengine hungoja. Wangu wote wamengoja! Niliwaza tayari kichwa cha habari: watoto wa Msambweni, mabingwa wa subira. Niliwapa zile tatu tatu zao, na hapo kulikuwa na jambo dogo ambalo ningekuwa na akili ningeliona. Walizitazama tu. Mpaka mama alipopita na ndoo akasema, "Karibuni wanangu, kuleni," ndipo mikono yote ikaingia sahanini pamoja.

Mimi nilikuwa nacheka. Sikuona kitu.

Baba aliporudi kazini nilimsimulia hata kabla hajavua viatu. Nilingoja aseme ni upuzi. Hakusema. Aliuliza watoto wa nani, akauliza mmoja mmoja, na uso ukamfunguka. "Subhanallah! Wote? Hata Riziki?" Kesho yake aliwasimulia wapishi wa hoteli. Kesho kutwa akawasimulia walinzi. Nilisikia akimwambia rafiki yake kwa simu, "Binti yangu amewapima watoto wetu kisayansi. Wana subira kupita hao wa vitabuni." Kisayansi! Baba yangu huyo huyo wa bisibisi!

Nililala nikitabasamu. Fizikia ilikuwa imekufa na mazishi yake nimeshayapanga.

Basi nikampelekea Mwalimu Achieng matokeo yangu. Akasoma, akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza swali moja. "Uliwauliza walikuwa wanafikiria nini?"

Sikuwauliza. Kwa nini niwaulize na majibu ninayo?

"Rudi uwaulize," alisema. "Usiwe na haraka hivyo."

Nilirudi nimefura. Wa kwanza kukutana naye ni Riziki, alikuwa akiruka kamba mbele ya nyumba yao. Nikamuuliza, siku ile ya kaimati, ulipokuwa umekaa peke yako, ulikuwa ukifikiria nini?

Hakuacha hata kuruka. "Nilikuwa nikikungoja uniambie karibu."

"Kwani nisipokwambia?"

Hapo ndipo aliposimama. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama aliyepotea njia. "Mama atanifinya. Kwa watu hakuliwi mpaka ukaribishwe. Kwani wewe hujui?"

Najua! Najua, tena sana! Nimefinywa mimi kabla yake Riziki kuzaliwa. Nimekaa kwenye mikeka ya watu nikiitazama sambusa moja jicho kwa jicho na mama akinikodolea macho kutoka upande wa pili. Hakuna mtoto wa huku asiyelijua jambo hilo. Na mimi niliwaalika watoto kwetu, nikawawekea chakula mbele yao, nikatoka bila kusema karibu, ati kwa sababu kitabuni halikuandikwa.

Niliwauliza na wengine. Jibu lilikuwa lile lile.

Sikupima subira hata chembe. Nilichopima ni mafunzo ya mama zao.

Niseme nilivyohisi? Nilitaka kuzichana karatasi zote. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na baba ameshanitangaza Diani yote. Nilikaa nyuma ya nyumba nikajishauri vibaya. Nani atajua? Watoto kweli hawakula, huo si uongo. Mwalimu sitamwambia yote. Nionyeshe, nipigiwe makofi, nibaki na saikolojia yangu. Nilijishauri hivyo mpaka nikaona aibu, kwa kuwa nataka kusoma namna watu wanavyojidanganya, na hapo nilikuwa najifanyia mwenyewe, waziwazi kabisa.

Nikaenda kwa mama. "Mama, nataka kaimati nyengine."

"Aka! Wewe na kaimati zako!" Lakini alizikaanga.

Nilitafuta watoto wengine, wa kule karibu na barabara kubwa, maana wa mwanzo walishaujua mchezo. Safari hii nilifanya kama nilivyolelewa. Karibu. Kaa. Hujambo? Mama hajambo? Hii yako, karibu ule, lakini ukiweza kuningoja nikirudi nitakupa tatu.

Yaliyotokea hapo! Mmoja aliitia kinywani hata kabla sijaufikia mlango. Mwengine alisema "ahsante, nimeshiba," huku ameyakaza macho kwenye sahani. Kuna aliyeimega nusu akala, nusu akaifunika kwa mkono, nilipomuuliza akasema ya mdogo wake. Na kuna kijana mmoja, Mungu amuweke, aliyekuja kunifumania nyuma ya pazia. "Dada, njoo nawe tule." Hakuweza kula peke yake. Huyo ningemuandika wapi? Amengoja? Hakungoja? Nilikaa chini nikacheka hadi machozi.

Matokeo yamevurugika, hayana kichwa wala miguu, nami sijawahi kuyapenda matokeo hivyo. Kila mtoto alikuwa mtu. Nilitaka kuwauliza maswali mpaka Magharibi.

Leo asubuhi baba alivaa shati lake la Idi. Tulienda kwa pikipiki yake, mvua ikitunyea, nami nyuma nimekumbatia karatasi zangu ndani ya mfuko wa nailoni. Sikumwambia. Nilijaribu pale tulipofika mlangoni, lakini akatokea mwenzake wa hoteli, mwanawe naye yumo darasani, akasema kwa sauti, "Ndiye huyu bingwa wa subira?" Baba akacheka. Nikaingia ukumbini bila kumwambia.

Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikaangalia ukuta, nikayasema yote. Kwamba nilipata matokeo mazuri mno. Kwamba yalikuwa ya bure. Kwamba mtoto wa miaka sita ndiye aliyenieleza. Nikaeleza mara ya pili ilivyokuwa, na nilipofika kwa yule kijana wa nyuma ya pazia ukumbi ulicheka, kina mama wakapigana vikumbo. Mwalimu Achieng alikuwa amesimama pembeni, mkono mdomoni, macho yanamng'aa. Alipiga makofi mpaka nikaona haya.

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tukapanda pikipiki kurudi. Mvua ilikuwa imekatika. Tulipofika Gazi akasimama kutia petroli, kisha akaisukuma pikipiki hadi kivulini na hakuiwasha. Nikaona afadhali nianze mimi.

"Baba, nimekuaibisha?"

"Kidogo," alisema. Baba hasemi uongo. Akapangusa kioo cha pikipiki kwa kiganja, kikawa kichafu zaidi. "Mwaka ujao, hayo masomo yenu, mwasoma nini?"

Nikamwambia. Usingizi. Kumbukumbu. Hofu. Halafu huzuni, mtu anapofiwa inakuwaje.

Gari moja likapita, na jengine.

Bibi, mamake baba, alifariki kabla ya Ramadhani. Baba ndiye aliyeshuka kaburini, ndiye aliyewapokea watu matangani, ndiye aliyehakikisha kila mgeni amekula. Kisha akarudi kazini. Hatukuzungumza zaidi ya hapo, nyumbani kwetu hatuna mazoea hayo.

"Mamangu alipofariki sikulia," alisema. "Nilidhani nitalia wageni wakiondoka. Wakaondoka. Nikadhani nitalia arubaini ikiisha. Mpaka leo, mwanangu. Nikiwa kazini, nikiwa kitandani, nangoja tu." Hakunitazama hata kidogo. "Hilo nalo limo?"

Nilisema nilichokuwa nacho. "Sijui, baba. Lakini naweza kuuliza."

"Uliza," alisema, akaiwasha pikipiki. "Ila jina langu usilitaje."

Fizikia hakuitaja. Si pale Gazi, si tulipofika nyumbani, si wakati wa chakula. Nimemuomba ruhusa niyaandike haya, akakubali kwa sharti lile lile, ndiyo maana hapa hamna jina lake wala langu.

Mama ananiita mara ya tatu, na ya tatu huwa haina huruma. Nakwenda kumenya muhogo. Furaha bado ninayo, lakini sasa imekuwa na uzito, sijui niiiteje. Jumatatu nitaingia darasani na swali la mtu mwengine mkononi, na huenda Mwalimu Achieng asiwe na jibu, na huenda hata vitabuni lisiwemo.

Nitauliza hivyo hivyo. Baba anangoja.