Mabegi Yanaingia Nayo

Bila mimi, nusu ya wasomi wa nchi hii wasingehitimu. Naliandika hilo mwanzo kabisa, Jumanne hii ya matope hapa Miburani, kisiwani Mafia, kwa sababu leo hakuna mwingine atakayelisema. Mvua imekatika tangu saa nne. Moyo wangu bado haujakauka.

Miaka saba nilikaa kwenye mlango wa maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Profesa, mtoto wa mkubwa, mgeni wa kutoka ng'ambo, hakuna aliyepita bila kunikabidhi begi lake na kupokea kipande cha bati chenye namba. Siku moja begi la mwanafunzi wa kutoka pwani lilishuka lenyewe, likaanza kutembea kuelekea kwenye vitabu. Ndani mlikuwa na kaa wa mikoko, wazima, kila mmoja ukubwa wa sahani ya pilau. Nililidaka limebakiza hatua moja kuvuka mlango. Walioshuhudia wapo, waulizwe.

Korona ikaja, maktaba ikafungwa, nikarudi Mafia. Hapa maktaba nikawa mimi. Mtu akikwama jambo la kisomi anaambiwa, "Kamuulize Mjomba Shomari, yule kakaa chuo kikuu." Nami sijawahi kumwambia mtu sijui.

Sasa nina mshindani ndani ya nyumba.

Mwanaidi, binti wa dada yangu, anasoma chuo kilekile na hajaondoka kisiwani. Tangu korona, maktaba imejifunza kuwafuata watu walipo. Anakaa nyuma ya jiko, pembeni ya kichanja cha mwani cha mama yake, ndipo mtandao unaposhika. Anaandika neno lake la siri, basi, maktaba nzima imemfungukia mapajani, naye yuko pekupeku. Enzi zetu watu walipanga foleni alfajiri.

Namwonea wivu. Leo mchana nimekula mchuzi alioupika, nikasema umezidi chumvi. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Ilianza juzi. Wanawake wa mwani walikuja, mwani wao unageuka mweupe na kukatika. Waliniuliza mimi kwanza, kama ada. Nikawaambia ni moshi wa injini za boti, wakaitikia, wakashukuru. Kumbe Mwanaidi jioni akamwandikia mkutubi wa kule chuoni, na asubuhi ikaja ripoti: maji yamezidi joto, kamba za mwani zihamishiwe kwenye kina kirefu. Leo wale wanawake wamepita uani, wameniamkia vizuri tu, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye kichanja. Mmoja wao, Bi Zuhura, akanigeukia. "Shemeji, ule moshi umeshapungua?" Nilisikia vicheko vyao mpaka walipoishia minazini.

Nikamwambia Mwanaidi, "Maktaba yenyewe hujakanyaga hata kizingiti. Utasemaje umesoma mle?"

Akanijibu kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyouma. "Basi njoo Mjomba, nikupigie uwaone wenzako."

Nikaweka kofia sawa. Mkutubi akatokea kwenye kioo cha simu, mwanamke kijana. Akaniangalia, akatabasamu. "Ee, Mzee wa mabegi. Shikamoo. Tumekukosa pale mlangoni."

Nikaitika marahaba. Miaka yote Mwanaidi alikuwa akiamini mjomba wake alikuwa msimamizi wa maktaba. Aliinama akawa anachambua mwani uliokwisha kuchambuliwa.

Nikauliza habari ya kaunta yangu. Imeng'olewa. Pamewekwa makochi na soketi za kuchajia, maana wanafunzi siku hizi wanakuja kukaa pamoja, kubishana, kupata umeme na utulivu. Vitabu vingi wanavisoma popote walipo. "Na mabegi?" nikauliza. "Wanaingia nayo, mzee."

Mabegi yanaingia.

Kisha akatembea na ile simu, akapita pale nilipokuwa nakaa, akaingia ndani. Rafu baada ya rafu. Ngazi ya mbao. Dirisha refu lenye jua, na kijana kalala usingizi juu ya kitabu chake. Mwanaidi akaninong'oneza, "Mjomba, rafu za historia zilikuwa upande gani enzi zako?"

Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata.

Kesho nitamwomba anipigie tena, nitasingizia salamu. Mwanaidi ndiye aliyenifungulia hii blogu na najua huwa anaisoma. Na asome.

Miaka saba sikuwahi kuivuka ile kaunta. Zile rafu leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona. Na hakuna aliyenikataza kuingia. Niliogopa tu mtu asije akaniuliza natafuta kitabu gani.