Zile Kapsuli Nilizokufungia

Mpwa wangu Wambui,

Hapa Kayole tupo, mamako anakusalimu. Umeuliza kama umeze zile kapsuli za kuua bakteria nilizokufungia begini, tumbo likikusokota.

Ujanani nilimaliza mita mbili za soseji ya mutura peke yangu, Kayole nzima ilishuhudia. Tumbo likavurugika, nikameza kapsuli kama njugu, bila daktari. Mamako akafoka, "Wewe, hizo si peremende!" Nikamjibu, "Dadangu, hili tumbo ni la chuma." Nikazoea hivyo miaka mingi.

Juzi daktari alinieleza kwamba tumboni kuna bakteria wema wanaoufundisha mwili kupambana na magonjwa. Huenda niliwaua pamoja na wabaya. Siku hizi mtu akipiga chafya kule mtaa wa Donholm, mimi huku nalala wiki nzima.

Usizimeze, mama. Muone daktari. Barua hii fupi imenichukua siku tatu. Nikikohoa, kalamu inaanguka.

Mjomba wako Kamau