Kabati la Kumi na Moja

Chumba cha kubandikia mimea mikavu
Alhamisi, saa tisa alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Kwanza nataka kujua hali yako, na hasa hali ya mguu, maana kaka aliniambia juzi kwamba baridi hii imeuamsha tena, unashuka ngazi za kibarazani ukiwa umekaa, na bado unakataa kushikwa mkono. Naomba barua hii ikukute umepata nafuu, na Mama hajachoka kukugombeza. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanasoma. Yule mkubwa sasa amekuzidi urefu na hachoki kulisema hilo. Baba yao anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wiki hii nimepiga mara nne, Baba. Kila ukiitikia nakuuliza habari za mguu, unaniambia haujambo, nakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kaka anakuja huko Jumamosi na atakukabidhi mkononi. Nakuomba usome peke yako, kwa ile lenzi yako ya kazini, polepole, mpaka mwisho, kabla hujamwita Mama.

Chumba chetu hakijabadilika. Meza yako bado iko chini ya dirisha, gundi bado inanuka vilevile, na dawa ya wadudu bado inanifanya nipige chafya kila asubuhi, kiasi kwamba bawabu huniambia anajua saa kwa chafya zangu. Kilichobadilika ni mimi. Jana nilimwaga gundi kwenye karatasi mbili kwa mfululizo. Mkuu wa hifadhi ya mimea aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni malaria inanijia. Haikuwa malaria. Ilikuwa woga, nao haushuki kwa vidonge.

Jumatatu tulipokea mgeni. Ni mdogo kuliko mimi, mpole, ana vidole vya mtu wa kazi. Ungempenda. Amekuja na koleo ndogo na vichupa mia tatu, na kazi yake ni kupanga upya ukoo mzima wa nyasi na jamaa zake wa karibu, ndago wakiwemo. Sisi tuliwapanga kwa macho na kwa vidole: shina la pembe tatu lililojaa ndani, huyo ndago; shina la mviringo lenye vifundo, huyo nyasi. Yeye anasema macho hudanganya. Anakata kipande cha jani kisichozidi ukucha, anakitia kichupani, na huko kwao mashine inasoma vinasaba vyake, inasema nani kazaliwa na nani na nani waliachana lini. Alinieleza kwa upole kwamba mahindi, mpunga, ngano, muwa na mianzi ni watu wa ukoo mmoja, jambo ulilonifundisha wewe kabla yeye hajajua kusoma. Nikajifanya nashangaa. Siku hizi nimekuwa hodari wa kujifanya.

Anakwenda kabati kwa kabati. Jumatatu alianza la kwanza, na leo ninapokuandikia yuko la tisa. Nasikia kila anapofunga mlango na kuzungusha ufunguo, na kila mara nahesabu makabati yaliyobaki. Kesho ni la kumi. Jumatatu ijayo atafungua la kumi na moja.

Na unajua kilichomo humo. Kwa miaka kumi na minane mmea wako umelala pale peke yake katika jalada jekundu. Sina haja ya kukukumbusha, lakini niache niseme, maana nikisema napata nguvu ya kufika ninakokwenda. Shina la pembe tatu, la ndago kabisa, na ndani ya ile bahasha ndogo tunayobandika pembeni mwa karatasi kuhifadhi vilivyopukutika, vishuke vya mbegu za nyasi, nyasi kabisa. Marehemu Profesa alisema koo hizi mbili ziliachana zamani za kale, na kwamba mmea huu ndio uliobaki njia panda, haujaamua uende na nani. Akauita daraja. Na kwa kuwa ni wewe uliyeuona kinamasini ukaung'oa, akaupa jina lako, likavalishwa mkia wa Kilatini. Wanafunzi wanalikariri. Kwenye kitabu chao kuna mchoro wa mti wa ukoo, tawi la nyasi huku, tawi la ndago kule, na katikati kijitawi kimoja chenye jina lako. Mchoro huo umeutia fremu sebuleni, na hakuna mgeni anayepewa hata maji kabla hajaonyeshwa.

Siku ya Jumanne mgeni alinipa orodha ya vitu atakavyokata. Mstari wa mia mbili na kumi na nne ulikuwa wako. Ameandika: kipande cha jani, na kishuke kimoja kutoka kwenye bahasha. Vitu viwili, vichupa viwili. Nilipousoma nilikaa juu ya boksi la magazeti ya kukaushia mimea.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza, kama mtu anayeuliza tu, itakuwaje vichupa viwili vya karatasi moja vikitoa majibu mawili tofauti. Akacheka. Akasema hutokea, na hapo hawaulaumu mmea, wanamtafuta mbandikaji. Kisha akasema neno ambalo limenikaa kichwani usiku na mchana: "Kwanza tunaangalia mwandiko ulio juu ya bahasha. Mwenye mwandiko ndiye mwenye kosa."

Mwandiko ulio juu ya bahasha ile ni wako, Baba.

Jumanne hiyohiyo mkuu alipokwenda mkutanoni nilifungua kabati la kumi na moja kwa ufunguo wangu. Nikaibandua bahasha kwa wembe, taratibu, kwa namna uliyonifundisha mwenyewe, nikaitia kwenye mkoba wangu kati ya leso na funguo za nyumbani. Niliwaza kwamba bahasha isipokuwepo, hakuna cha kukata. Wangedhani imepotea, karatasi hupotea. Nilirudi nayo nyumbani. Sikuweza kula. Mtoto aliponiomba kalamu akanyoosha mkono kwenye mkoba nilimpigia ukelele hata akalia, nami sijawahi kumpigia ukelele. Jana nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Bawabu alinisalimia langoni kama siku zote, nikadhani anataka kunipekua. Mzee wa watu alitaka tu kujua mbona asubuhi hiyo sikupiga chafya.

Leo asubuhi nimeirudisha mahali pake. Nimeibandika upya kwa gundi nyembamba na hakuna atakayejua, isipokuwa wewe ninayekuambia. Niliirudisha kwa sababu niliuona mwandiko wako pale juu, ile namba saba yako yenye mkanda kiunoni, nikaona kwamba nikiificha nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Mara ya kwanza ndiyo hii.

Nilikuwa katika mwezi wangu wa pili wa majaribio. Uliniombea kazi hii kwa heshima yako, na ulinionya mbele ya watu wote kwamba ukiwa chumbani humu wewe si baba yangu. Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mmea wa kinamasini, kichwa chake cha maua kimekwisha pukutika, na vipande vyake vichache ulikuwa umeviweka kwenye bahasha uliyokwisha andika ila hukuwa umeifunga. Nyingine ilikuwa nyasi ya hivihivi uliyoing'oa hapo getini ili nijifunzie mkono. Profesa akakuita. Ulipokuwa mlangoni ukaniambia nisiwashe feni. Kulikuwa na joto, nami nilikuwa na kichwa cha miaka ishirini na mitatu. Nikaiwasha.

Kila kitu kiliruka, Baba. Kutoka kwenye bahasha, kutoka kwenye nyasi yangu, juu ya meza, sakafuni, kwenye nywele zangu. Niliokota nilichoweza kuona. Kanuni yako niliijua, ulikuwa umenisomea siku ya kwanza kabla hata hujanionyesha choo kilipo: "Usichojua kimeanguka kutoka wapi, kitupe. Afadhali bahasha tupu kuliko bahasha ya uongo." Niliijua, na kiganjani nilikuwa na vishuke saba visivyo na mwenyewe. Kisha nikasikia viatu vyako ukumbini. Nikavitia kwenye bahasha, nikaifunga. Ukaingia, ukauliza kama kila kitu ni salama. Nikajibu salama.

Wiki mbili baadaye Profesa alitoka chumbani kwake akikimbia, mzee yule, na lenzi bado iko jichoni. Ulinikumbatia mbele ya watu wote ukasahau kwamba humu wewe si baba yangu. Ningesema nini? Nilijiambia labda ni kweli. Labda vile saba ni vyake. Mtu akiwa na hofu huamini haraka sana. Mkarudi kinamasini kutafuta mwingine, hamkupata. Mkarudi tena, hamkupata. Mara ya tatu Profesa alisema inatosha, wewe ukasema hapana, ukaingia mwenyewe mpaka kiunoni, na ndipo ulipoteleza kwenye gogo. Mguu ukavunjika mara mbili, na ukastaafu kabla ya siku zako.

Miaka kumi iliyopita tulipoletewa lenzi kubwa, nilisubiri watu watoke kwenda kula, nikaiweka bahasha chini yake, na kando yake nyasi yangu ya mazoezi, ambayo sikuwahi kuitupa. Ni kitu kimoja. Ndani ya bahasha mna nyasi ya getini, na mmea wako ni ndago wa kawaida aliyepoteza kichwa. Hakuna daraja. Hakikuwepo kitu kinamasini. Ulikuwa ukitafuta ndani ya maji kitu nilichokitengeneza mimi mezani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mimi ndiye sikusikia, Baba, na guu lililovunjika ni lako.

Jumatatu asubuhi, kabla mgeni hajazungusha ufunguo, nitamweleza yeye na mkuu wa hifadhi yote niliyokueleza, na kwamba mwandiko ni wako ila mkono ulikuwa wangu. Huenda nikafukuzwa. Jina lako litafutwa kwenye kitabu, hilo siwezi kulizuia, na ndilo linaloniogopesha kuliko kazi. Wakikupigia simu kukuuliza, nakuomba usinitetee. Nakujua, utataka kusema labda ulikosea wewe. Usiseme hivyo. Nimeogopa miaka kumi na minane, nimechoka, na sikutaka uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Nisalimie Mama, mwambie kitambaa chake nimekipata na kaka atamletea. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia. Jumapili nitakuja mwenyewe, nikijaliwa. Sitausukuma mlango na kuingia kama nilivyozoea. Nitasimama nje nipige hodi kama mgeni, mara tatu, na ukikaa kimya nitajua, nitarudi zangu.

Ni mimi bintiyo,
Mbandikaji