Siku Gitaa la Fidencio Liliporudi

Nyuma ya Kanisa,
Santa Inés Kutzaro,
Michoacán.

9 Novemba 2012

Mpendwa kaka Evodio,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, ambako baridi imeshaanza kututafuna masikio. Hujambo? Mgongo wako umepona, au bado unaugulia kwenye mitufaha ya watu? Wifi yangu Rufina na wanao wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Baba huingia karakanani kila asubuhi, ingawa kuna siku anakaa tu, patasi mkononi, bila kuchonga chochote. Mama anakula kidogo, na hicho kidogo ndicho cha kushukuru, kama utakavyoona mbele. Mimi mzima wa mwili.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Fidencio amepatikana na tumemzika. Ulipouliza amepatikanaje, nilishindwa kujibu kwa sababu Mama alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Mtoto wa Nana Cuca anakwenda mjini, ataitia barua hii posta. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujainuka kufunga mzigo.

Unajua mdogo wetu Fidencio aliondoka na walinzi wa msitu mvua zilipoanza, gitaa mgongoni. Kule kambini alikuwa akiwapigia wenzake wasisinzie. Siku aliyopotea aliteremka peke yake kuja kwenye mazoezi ya nyimbo za tamasha, na hakufika. Walinzi walipekua kila korongo walilolijua. Hata kiatu hawakukiona.

Kwa hiyo tamasha lilipokaribia, kijiji kiligawanyika. Wengine walisema ni aibu kuimba mtoto wa watu hajulikani alipo. Mkutano ulikuwa mkali, watu wakirushiana maneno hadi Tata Nazario, mkuu wa walinzi, akagonga meza. Ndipo Mama alipoinuka. Akasema, "Wakata miti wameshachukua misonobari wapande maparachichi yao. Mkinyamaza mwaka huu mtakuwa mmewapa na koo zenu. Imbeni. Mimi nitapanga vyungu vyangu palepale ninapovipanga kila mwaka." Akaketi.

Basi tukaimba. Walikuja waimbaji kutoka ziwani, walikuja wa bonde la vijiji kumi na kimoja na tarumbeta zao, na wale wa Sierra wanaojigamba kwamba pirekua, nyimbo zetu hizi, zilizaliwa kwao. Soko la kazi za mikono lilijaa uwanja hadi ngazi za kanisa: vinyago, sahani za shaba, blanketi za sufu, mitandio. Dada Librada alitandaza mitandio yake karibu na vyungu vya Mama, na Baba akaning'iniza magitaa nyuma yetu. Nana Cuca naye ni yuleyule wa mizaha. Mgeni mmoja alikuwa akigonga kila chungu kwa kidole asikilize kama kina ufa, Nana Cuca akamwuliza, "Unabisha hodi, bwana? Ndani hakuna mtu!" Hata Mama alitabasamu. Nilimwona kwa macho yangu, na nikasema moyoni labda Mungu ametupunguzia.

Mchana kikundi kimoja cha wasichana wa ziwani kilikaa kivulini karibu nasi kulinganisha nyuzi. Baba alikuwa akimweleza mteja habari za mbao za mierezi. Akakatiza neno katikati. Akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha akamwacha mteja na gitaa mikononi, akaenda.

"Binti, hebu nilishike kidogo."

Msichana yule anaitwa Tsitsiki, mpole, ana nywele hadi kiunoni. Akampa bila wasiwasi. Gitaa lilikuwa limepakwa rangi nyeusi na kuchorwa maua mekundu ya ovyo. Baba hakuyatazama maua. Aliingiza vidole kwenye tundu akapapasa ndani, chini ya ubao wa juu. Unakumbuka nyumbu wako alivyolikanyaga gitaa la Fidencio, Baba akalitia kiraka cha mti wa jozi kwa ndani? Nilimwona akifumba macho.

"Umelipata wapi, mwanangu?"

"Nimepewa na mjomba, Tata. Alibadilishana kwa mikeka na mtu wa huku kwenu."

"Mtu gani?"

"Jina silijui. Dereva wa lori la mbao. Ana jino la fedha, na hucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe."

Kaka, sina haja ya kukutajia. Ni mara ngapi tumemcheka kwa hilo mezani kwetu? Niligeuka nikamtazama Librada. Alikuwa akikunja mtandio. Aliendelea kuukunja, na kuukunja tena, hadi ukawa mdogo kama leso.

Mumewe, shemeji yetu Gildardo, alikuwa upande wa pili wa uwanja akishusha viti. Baba hakupiga kelele. Alimwita Tata Nazario, wakamchukua nyuma ya kanisa, sisi tukafuata. Gildardo alipoliona gitaa alicheka kile kicheko chake.

"Mzee, magitaa meusi yako mengi duniani!"

"Rangi umeipaka wewe," Baba alisema. "Gitaa nimelitengeneza mimi."

"Basi nimeliokota. Kuokota ni kosa?"

"Uliliokota wapi?" Tata Nazario akauliza.

Akaanza kumtazama huyu na yule, akitafuta wa kumwonea huruma. Librada akapenya katikati yetu akasimama mbele yake. "Gildardo, nitazame mimi. Waache hao. Mdogo wangu yuko wapi?"

Hapo alivunjika. Alikalia jiwe, na maneno yakamtoka kama matapishi. Miezi yote ile aliyotuambia anabeba mbao za kiwanda cha mjini, kumbe alikuwa akiwabebea wale wakata misonobari. Siku ile alifika kupakia magogo juu ya korongo la Mbwa Mwitu akawakuta wanamfukia Fidencio. Gitaa lilikuwa kando ya njia. Mmoja wao alilitupia ndani ya lori akamwambia, "Zawadi yako. Hujaona kitu, na watoto wako wazuri." Akaendesha lori hadi nyumbani, akalificha gitaa, akalipaka rangi, kisha akalipeleka ziwani Librada asije akaliona.

"Lakini sikumgusa! Naapa kwa wanangu sikumgusa!"

Mama akasema, "Usiape kwa wajukuu zangu."

Ni hayo tu aliyosema. Sisi watu tuliokuwa tukimtafuta adui kule juu mlimani, kumbe tulikuwa tukimpakulia mchuzi kila Jumapili. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni. Sikujua inauma namna hii.

Aliwaongoza walinzi alasiri ileile. Walimkuta Fidencio chini ya matawi ya msonobari na udongo mchache. Sitakuandikia alivyokuwa. Tulimtambua kwa mkanda aliofumiwa na Mama. Walimteremsha akiwa amefunikwa blanketi, na waliokuwa jukwaani wakanyamaza mmoja mmoja kadiri habari ilivyowafikia. Wauza vinyago walifunika bidhaa zao. Hakuna kikundi kilichoondoka kijijini. Walilala kwa watu, sakafuni na vibarazani, na kesho yake vikundi vyote vilimsindikiza kaburini, wa ziwani, wa bonde na wa Sierra, wote wimbo mmoja, bila kugombania nani aanze. Ungewasikia.

Tsitsiki alitaka kumrudishia Baba gitaa pale kaburini. Baba akatikisa kichwa. "Piga wewe. Mikono yangu leo haifai." Baada ya mazishi msichana alimsogelea tena, Baba akamwambia, "Likae nawe, binti. Ila hayo maua yakwangue, yanalinyima sauti." Ndiyo, Baba yetu, hata siku ile.

Gildardo yuko jela ya mjini. Waliomfukia Fidencio hawajakamatwa. Malori yalikoma kwa muda, lakini wiki iliyopita moja lilipita barabara ya juu bila namba, polepole, kama la mtu anayetaka aonekane. Walinzi wameongezeka. Tunafunga milango mapema.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha raha kuliko vyote, ambacho ni Librada. Palepale makaburini Baba alimwambia, "Mimi nimezika watoto wawili leo." Librada akarudi na watoto wake kwenye nyumba ya Gildardo, maana hakuwa na pengine. Watu ni wabaya, Evodio. Kisimani wanamwita Mama Lori. Wanawe wanasukumwa foleni ya maji. Mitandio yake, iliyokuwa ikigombaniwa, sasa haiguswi, kana kwamba imefumwa kwa ukoma. Na Mama tangu mazishi alikuwa kama aliyefungwa ulimi. Tukimwekea chakula anakitazama hadi kinapoa.

Ikafika siku ya wafu, marehemu wanaporudi nyumbani. Kwa kuwa Fidencio ni marehemu wa mwaka huu, madhabahu ilikuwa kwetu, na unajua desturi: anayekuja na mkate na matunda hafukuzwi. Tulijaza nyumba maua yale ya manjano. Baba alikaa mlangoni kwenye kiti akipokea watu. Foleni ilitoka uani hadi barabarani, na ndani ya foleni akaja Librada, mwanawe wa mwisho Chayo mgongoni, wale wawili wameshika nguo yake, mkononi mkate aliouumba kama mtu mwenye gitaa.

"Baba, nimemletea mdogo wangu mkate."

"Weka hapo chini. Wewe rudi kwa mumeo."

"Mume wangu yuko jela. Mdogo wangu ndiye anayekuja leo. Nitamsubiri hapahapa."

Akaketi chini uani, na wanawe wakaketi naye. Watu walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Ukaanza ubaridi wenye manyunyu. Nana Cuca alipofika akatua kikapu chake cha ndizi, akashika kiuno mbele ya Baba. "Eleuterio, umeanza kuchagua nani amlilie mwanao? Haya, niambie basi, machozi yangu yamefaulu au nirudi nyumbani?" Watu wakainamisha vichwa.

Ndipo Mama alipotoka. Alipita kando ya kiti cha Baba, akainama, akamfungua Chayo mgongoni mwa Librada, akamfunga mgongoni mwake kwa mtandio wake mwenyewe. Akasimama mbele ya Baba.

"Mtoto huyu ana njaa," alisema. Kisha akasema, "Na mimi pia nina njaa."

Kaka, tulikuwa hatujaisikia sauti ile tangu mazishi. Baba akainuka, akakisogeza kiti chake kando ya mlango. Librada akaingia.

Usidhani yamekwisha. Wanaishi nasi sasa, na Baba hajamwita kwa jina hata mara moja; husema "huyo" na "yule." Mimi mwenyewe kuna asubuhi nikimsikia akicheka na watoto wake nashikwa na hasira, kisha naona haya, natoka kwenda kuchota maji ambayo hatuyahitaji. Anafuma mfululizo bila kuinua uso. Juzi tu nimemkuta Baba amemkalisha mpwa wetu mkubwa kwenye vumbi la mbao, anamwonyesha kushika randa. Waliponiona wote wawili walinyamaza, kama wezi.

Ulisema kwenye simu kwamba utakuja, na kwamba ukifika unajua utakalofanya. Nakusihi usije hivyo. Ukivuka mpaka, bila hati hutaweza kurudi kwa wanao, na wale watu wa lori wanaijua njia ya kwetu. Mama hawezi kumtambua mwana mwingine kwa mkanda wake. Gildardo mwachie Mungu na sheria, hata kama sheria yetu unaijua ilivyo kiwete.

Ukitaka kutusaidia, piga simu Jumapili, uombe kuongea na Librada. Jumapili iliyopita alikaa karibu na simu, na ilipolia akainuka akatoka nje, maana anakuogopa wewe kuliko hata alivyomwogopa Baba. Mwite Libra, kama ulivyokuwa ukimwita ulipokuwa ukimbeba kuvuka kijito. Sikuambii umwambie nini. Mwite tu.

Nisalimie sana wifi Rufina, na umbusu kila mtoto. Baba anakusalimu, anauliza kama huko kuna mti wowote unaolia vizuri. Mama anakusalimu na kukuombea. Nana Cuca anasema unenepe kwa niaba yake. Tata Nazario na walinzi wote wanakusalimu.

Librada amepita sasa hivi na kikapu cha nyuzi, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, Evodio. Akasimama, kikapu kiunoni. "Mwambie..." akaanza, akashindwa, akaanza tena. "Mwambie nipo."

Basi nimekuambia. Mungu akufunike huko ugenini, na akurudishe kwetu siku ya amani.

Mdogo wako akupendaye daima,
Hermila