Moto Ndani ya Mdomo

Cape Town

Mama mpendwa,

Nakusalimu, bwakire. Natumaini mgongo umekupa nafasi uchume chai kwa raha. Mvua bado inawatesa huko Manga? Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja, nalo nakuomba lisifike kanisani.

Ile filamu ya enzi za mkoloni imeanza. Naigiza mama anayelima shamba la mzungu. Mwelekezi wetu anapenda kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Vifungo vya koti la askari vilibadilishwa mpaka fundi cherehani akalia. Mwelekezi aliponiletea kiko, nikacheka. Mdomo uliponza kichwa, Mama. Nikamwambia kwamba nyanya yangu hakuvuta kiko, alivuta sigara akiigeuza, moto ndani ya mdomo, ili mvua isiuzime naye asiachilie jembe. Nikajigamba hata nikamwonyesha, kwa sigara isiyowashwa.

Kesho yake ikawashwa. Niliomba zile za majani yasiyo tumbaku wanazovuta wenzangu, akasema zikigeuzwa zinazimika. Nikamwambia sisi ni Wasabato. Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Ni wewe uliyesema walivuta hivyo," akasema. "Sasa niwaonyeshe watu uongo?"

Mkataba nimetia sahihi, basi navuta. Mara jua limejificha, mara mbwa amebweka, tunarudia, nami nawasha nyingine. Mwanzoni nilitapika. Siku hizi, hata tukiwa mapumzikoni, mkono unaitafuta wenyewe, na hilo linaniogopesha kuliko kutapika.

Halafu kuna doa. Limeota kwenye kaakaa, jeupe, gumu, ulimi hauachi kuligusa. Haliumi hata kidogo. Daktari wa hapa alilimulika, kisha akauliza kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuugua mdomo. Nikasema nitauliza nyumbani.

Nisalimie Baba, na kaka anayepeleka majani kiwandani Itumbe. Shangazi wa Suneka mwambie aniombee, sababu usimpe.

Mama, nyanya alipokuwa akituaga dunia nilikuwa mdogo. Mlituzuia kuingia chumbani kwake, na nilipochungulia alikuwa amejifunika kitambaa kuanzia puani hadi kidevuni. Usinifiche, mimi si mtoto tena. Kile kidonda chake cha mdomoni, kilipoanza, kilimuuma?

Ni mimi binti yako,
Kerubo